Macho Yangu, Kifaransa Chake

Mama yangu alipopasuliwa jicho, mimi nilikuwa garde-malade wake katika hospitali moja ya Ibanda. Ilikuwa wakati wa Zaïre, tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Garde-malade ndiye anayepika, anayefua, anayelala juu ya mkeka chini ya kitanda. Mgonjwa asiye na garde-malade anakula akikumbukwa na jirani.

Jirani yetu wa kitanda alikuwa Yolande, mwalimu wa Kifaransa, macho yake yote mawili yamefungwa bendeji nyeupe. Watu wake walikuwa mbali, kijijini Luhwindja, na mvua ilikuwa imekata barabara. Basi nikiweka bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, juu ya mbabula ya makaa, nilikuwa naweka ya watatu. Siku ya kwanza alipapasa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, akasema huyu ni mama wa kazi.

Chini ya mto wake kulikuwa na kitabu kinene, jalada la kahawia, kona zimeliwa na mende. Nilisoma jina: Anselme Brissoire. Nilishtuka, maana jina hilo nililijua. Kule shuleni kwa masista liliandikwa chini ya kila dictée, yaani imla, na kila kosa lilikuwa na fimbo yake. Mimi nilidhani ni inspecteur wa serikali, anayetutumia zile dictée ili tupigwe. Nilipomweleza Yolande, alicheka mpaka infirmière, muuguzi wa zamu, akaja kumgombeza kwamba anatikisa jicho.

“Maskini muzee wa watu,” akasema. “Ni muandikaji wa vitabu, alikufa mbele babu yako azaliwe. Nisomee, maman.”

Nikamwambia niliishia shule ya primaire. Kifaransa nakitamka, lakini kukielewa ndiyo shida.

“Si neno. Wewe uko na macho, mimi niko na Kifaransa.”

Nikasoma polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Yeye alipokea kila sentensi akaigeuza Kiswahili, na mama akaigeuza tena Mashi, lugha ya kwetu, kwa ajili ya bibi mmoja wa kitanda cha dirishani. Yule inspecteur wangu, kumbe, alikuwa anasimulia habari ya mjane wa nchi ya baridi, anayelinda mtoto mgonjwa. Anapuliza makaa yasizimike. Anaonja uji kwanza kwa mdomo wake. Anahesabu pumzi za mtoto, na akisinzia anajipiga kofi. Niliangalia mkeka wangu, nikaangalia mbabula.

“Huyu muzungu,” mama akauliza, “alilala chini ya kitanda cha nani?”

Tangu siku hiyo salle nzima ya wagonjwa ilikuwa inamaliza kula mapema ili isikilize.

Ilipobaki sura moja, Yolande akaweka kiganja juu ya ukurasa.

“Hii hapana. Hii nitaisoma mwenyewe. Nikishindwa, utanisomea wewe, na mimi nitajua wanafunzi wangu nimewapoteza.”

Asubuhi ya kufunguliwa bendeji, muganga alianza na jicho la kushoto. Giza. Nilishika mguu wa Yolande chini ya blanketi, ulikuwa baridi. Lilipofunguliwa la kulia, aligeuza kichwa kuelekea mwanga, akauliza ni nani aliyeanika pagne ya njano, kile kitenge, dirishani. Ilikuwa yangu.

Akaomba kitabu. Alikileta karibu mpaka pua ikagusa karatasi, na midomo yake ikatikisika bila sauti. Halafu akaanza kusoma.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Maneno yale yale niliyokuwa nayakanyaga moja moja, kwake yalitembea pamoja, yakainuka, yakashuka. Hakutafsiri, wala hakuna aliyemuomba. Wanawake wote wenye bendeji walimgeuzia nyuso kana kwamba wanamuona. Infirmière alisimama mlangoni na sahani yake ya sindano, akasahau alikuwa anaenda kwa nani.

Yolande akafika mwisho, akafunga kitabu.

“Na mutoto?” mama akauliza polepole.

“Ameomba chakula.”