Divai ya Ng'ambo ya Barabara

Mimi si mpole, nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma. Kaka yangu naye si mpole. Baba alituachia shamba la mizabibu bondeni, upande usiofaa wa barabara. Ng'ambo mlima unaanza, na divai nyekundu ya mlimani inajulikana hata na watu wasiokunywa. Yetu ni udongo uleule na jua lilelile, lakini bei ni robo. Fundi na dereva wanaimudu, na wakishaionja wanarudi na chupa tupu wajaziwe.

Kila mwaka kaka alimuuzia dalali mmoja pipa zima kabla halijamaliza kuchacha. Divai ilivuka barabara kwa lori la tangi, ikamalizia kuchacha kule juu, ikatoka kwenye chupa zenye karatasi ya jina la mlimani. Mwaka huu nilikataa. Nilichapisha karatasi zetu wenyewe, zenye jina la mama. Mavuno yalikuwa haba, yakaingia yote katika pipa moja refu kupita mtu, na kaka aliniahidi halitauzwa.

Asubuhi ya siku ya tisa ya kuchacha nilikuwa nakaza komeo la mlango wa chini wa pipa, nikasikia lori linarudi nyuma uani.

"Dada, kizuri chajiuza," dalali alisema huku akiburuta bomba.

"Basi mbona chetu mnakiuza kwa jina la wenzetu?"

Kaka alishapanda ngazi hadi kwenye ubao unaopita juu ya mdomo wa pipa. "Mdogo wangu, toka hapo. Nimeshampa neno langu."

"Na mimi ulinipa nini?"

Kaka akamwashiria dalali aunganishe bomba. Nikainua nyundo ya mbao. Nilikusudia bomba, mkono wa dalali ukawa njiani, na mfupa nikausikia. Aliketi chini polepole. Nikaitupa nyundo, nikapanda ngazi. Kaka alinipiga ngumi ya mdomo kabla sijafika juu. Nilitema jino, nikamng'ang'ania miguu. Alinikanyaga vidole, nikamuuma shavu la mguu. Alipoinua mguu wa pili anipige teke la kichwa, nikauvuta.

Akatumbukia ndani ya pipa.

Kwetu hakuna anayeinamia pipa linalochacha bila kutanguliza mshumaa. Zabibu zikichacha hutoa hewa nzito inayotanda juu ya divai. Mshumaa ukizimika, na mtu atazimika. Mjomba wetu aliwahi kumfuata kibarua wake humo, wakazikwa siku moja. Kwa hiyo sikumfuata. Kaka aliibuka kati ya maganda, mwekundu hadi kwenye nyusi, akafungua kinywa kuvuta pumzi. Macho yakamlegea.

Njia ilikuwa moja, kugonga komeo la mlango wa chini na kumwaga pipa zima. Nikateremka mbio. Nyundo ilikuwa palepale nilipoitupa. Nikaiokota, nikasimama.

Nalisema kwa sababu nimechoka kulibeba: nilisimama. Niliziwaza zile karatasi zenye jina la mama. Wanasema damu nzito kuliko maji; kuhusu divai hawakusema kitu. Dalali, ameushika mkono wake uliovunjika, ndiye aliyesema, "Huyo ni ndugu yako, dada."

Nikagonga. Mlango ulifyatuka ukanibamiza ukutani, divai ikatoka kwa kishindo pamoja na maganda, na kaka katikati, ubavu umechanika kwenye ukingo wa mlango. Nilimburuta uani kwa kola, nikampiga mgongoni mpaka akatapika na kuvuta pumzi. Nililia, sikujua nalilia nini. Divai ilitupita, ikavuka geti, ikaingia mtaroni kando ya barabara.

Nilidhani atanitukana.

"Nilisikia unashuka ngazi," alisema, sauti imekwaruza. "Halafu nikasikia kimya."

"Nilikuwa natafuta nyundo."

Alimtazama dalali. Dalali akainamisha kichwa. Kaka akanitazama mimi, akajifuta mdomo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu lake. Tangu siku hiyo hajaniita mdogo wangu.