Kibuyu Kitupu kwa Mama Mwekundu

Kwa Mama Mweusi unapeleka maziwa. Kwa Mama Mwekundu unapeleka kibuyu kitupu, unakiinamisha mdomo chini mbele ya kichuguu, unasema "sina", unaondoka bila kugeuka nyuma. Zipporah alimweleza hivyo Mutindi, mkaza mwanawe, naye Mutindi alisikia kila neno. Hakuwa na shida ya kusikia. Shida yake ilikuwa kusema.

Ulikuwa mwaka 2000, na mbuga yote kutoka Kitengela hadi Isinya ilikuwa imekauka mpaka ng'ombe wakala maboksi. Parsaoti, mume wa Mutindi, alikuwa ameswaga mifugo kwenda Mashuuru kutafuta nyasi, na habari za mwisho zilisema amepita Mashuuru na bado anaenda. Bomani walibaki wanawake watatu: Zipporah mama yake, Seleyian dada yake, na Mutindi, aliyekuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni, jina lake Nzula. Walibaki pia mbuzi sita na ng'ombe mmoja aliyetoa maziwa ya kujaza kikombe.

Mutindi alikuwa Mkamba. Baba yake alikuja upande wa Athi River kupasua mawe, na yeye aliacha shule darasa la sita mama yake alipougua. Alikuwa mtu wa kusimama mlangoni mpaka aonekane, kwa sababu kubisha hodi kulimtia haya. Seleyian hakuchoka kumtania.

"Bibi ya Parsaoti hata akishika moto," alisema, "atainua mkono kwanza aulize kama anaweza kwenda nje."

Mutindi alicheka pamoja nao, kiganja kikiwa mdomoni.

Mama Mweusi alikaa kwenye jiwe jeusi, bapa, chini ya mti wa oreteti kando ya mto uliokauka. Jiwe lile liling'aa kwa mafuta na maziwa ya miaka isiyohesabika, na matawi ya chini yalifungwa vishungi vya nyasi na wanawake walioomba watoto. Yeye ndiye mwenye mvua ya taratibu. Mama Mwekundu alikaa mbali kidogo, peupe, kwenye kichuguu chekundu kirefu kuliko mtu, mahali pasipo na kivuli hata cha kunguru. Miguuni pa kichuguu vilipangwa vibuyu vingi, vikuukuu, vimepasuka kwa jua, vyote vimeinama. Yeye ndiye mwenye radi isiyo na mvua, na mimba zinazotoka kabla ya siku zake.

Jumapili Zipporah alivaa kitambaa cha kijani akaimba na kina mama wa kanisa. Ukame ulipozidi alikwenda kwenye mawe, na hakuona aibu. "Mungu ni mmoja," alisema, "lakini jua na mvua si kitu kimoja."

"Yule mwekundu ni mbaya, Yeyo?" Mutindi alimuuliza mama mkwe njiani siku walipokwenda huko, akimwita mama kwa Kimaasai. Lilikuwa swali refu kwake.

"Si mbaya. Ako na njaa. Na mtu wa njaa humwonyeshi sufuria, enkerai ai, mtoto wangu. Akiona hakuna kitu kwako, anapita."

Walipofika mtoni, nyonga ya Zipporah ilikataa kuendelea. Akaketi karibu na jiwe jeusi amwage kile kikombe cha maziwa, akamtuma Mutindi peke yake kule peupe na kibuyu kitupu.

Jua lilikuwa utosini. Mutindi alitembea na kivuli chake chini ya nyayo, Nzula amelala mgongoni, na kila hatua kibuyu kilizidi kuwa chepesi mkononi. Akamkumbuka nyanya yake Muthoki, ambaye kule Ukambani alikuwa miongoni mwa wanawake wazee waliohudumia ithembo, mahali pa kutambikia. Muthoki alikuwa na usemi mmoja aliourudia hata kwa watoto: kwa mkubwa huendi mikono mitupu. Ukienda mikono mitupu umemtukana, na aliyetukanwa hukufuata nyumbani.

Alipofika mbele ya kichuguu, aibu ilimjaa kuliko woga. Angemwambiaje mkubwa kama huyu "sina", na huku matiti yanamuuma kwa kujaa? Alitazama huku na huku. Akachutama, akafungua blauzi, akakamua titi la kushoto ndani ya kibuyu. Kwa haraka yake yalitoka matone machache tu, ya kulowesha kitako. Kisha badala ya kukiinamisha kibuyu alikisimamisha wima, akakiegemeza kwenye udongo mwekundu, na kwa sauti isiyozidi ya nzi akamsalimu, "Takwenya, Yeyo. Ni kidogo."

Akaondoka. Hatua ya kumi alisikia nyuma yake mtu akinywa, akinywa mpaka mwisho, halafu akifyonza kibuyu kitupu kama mtoto asiyeamini kwamba uji umeisha.

Hakugeuka. Kwa Zipporah alisema tu, "Nimemaliza," na hilo halikuwa uongo.

Kesho yake, saa sita mchana, Nzula aliachia titi katikati ya kunyonya. Akatazama juu ya bega la mama yake, mlangoni, akatabasamu kama mtu aliyeletewa mgeni anayemjua. Mutindi aligeuka. Mlangoni palikuwa na mwanga tu.

Siku ya tatu alikuta kibuyu kimoja, kati ya vile vinavyotundikwa ukutani vikiangalia chini, kimesimama wima sakafuni kando ya kitanda. Alimuuliza Seleyian kwa macho. Seleyian akainua mabega. Mutindi akakitundika tena, na mchana uliofuata kilikuwa pale pale. Kitako chake kilikuwa na vumbi jekundu.

Halafu akamwona. Nje ya uzio wa miiba, saa ile ile, alikaa mwanamke wa shuka nyekundu. Joto lilimfanya atikisike kama kitu kilicho ndani ya maji. Alikaa jinsi mama anavyokaa akimpakata mtoto, magoti pamoja, kiwiko kimeinuliwa, kichwa kimeinama. Lakini mikono yake ilikuwa mitupu. Kivuli kilipoanza kutoka chini ya vitu, hakuwapo tena.

Titi la kushoto lilikauka wiki hiyo. La kulia likafuata, polepole, kama chemchemi inayofunikwa na mchanga. Nzula alinyonya, akaachia, akalia bila machozi. Walimpeleka Kajiado kwenye kliniki, na muuguzi mmoja mpole aliyeitwa Phylis akamtundika kwenye mizani, akaweka nukta kwenye kadi. Mstari uliokuwa ukipanda ulikuwa sasa unateremka kama njia ya kwenda kisimani.

"Maziwa inaenda wapi, mama?" Phylis aliuliza. "Kuna mtoto mwingine unanyonyesha?"

Mutindi akatikisa kichwa.

"Niambie tu. Mficha uchi hazai."

Neno lilifika kooni. Lilikuwa pale, zima, na kichwa na miguu yake. Lakini nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, kina mama wote wakimtazama, na akalimeza. Phylis akawaambia wampe mtoto maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa, wamrudishe baada ya siku saba, na akirudi amepungua tena atalazwa. Nzula aliyakataa maziwa ya mbuzi. Aliyatema yote, akageuza uso kuelekea mlangoni.

Siku ya nne baada ya kutoka Kajiado, Mutindi alimlaza mtoto kitandani akaenda zizini kumtazama mbuzi aliyeshindwa kusimama. Hakukaa. Aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Alitoka mbio, akamkuta Nzula nje, chini ya jua, ameegemezwa kwenye uzio. Alikuwa kimya. Midomo yake ilikuwa na udongo mwekundu, nayo ilikuwa ikinyonya hewa.

Seleyian alikuja nyuma yake na mzigo wa kuni. "Unamwacha juani kwa nini? Si nimekuona sasa hivi ukipita naye, umejifunga ile shuka nyekundu."

"Sina shuka nyekundu," Mutindi alisema.

Seleyian akafungua mdomo kutania, akamtazama usoni, akaweka kuni chini.

Mutindi alikwenda moja kwa moja kwa Zipporah. Hakusimama mlangoni. Aliingia, akapiga magoti, na maneno yakatoka yote kwa mpigo: nyanya yake, mikono mitupu, blauzi, matone, kibuyu kilichosimama, ile sauti ya kufyonza. Katika miaka miwili ya ndoa hakuwahi kusema mengi hivyo katika nyumba ile.

Zipporah alisikiliza, kiganja kikiwa shavuni. Hakumkaripia. Aliuliza, "Ulimpa ya ng'ombe ama yako?"

"Yangu, Yeyo."

"Basi hajaiba. Alikaribishwa." Akamfuta Nzula udongo kwa ncha ya leso. "Watu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu si wa aina hiyo. Na mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Mwenye alimkaribisha ndiye atamwambia hakuna."

"Nimwambie sina?"

"Umwambie. Uinamishe kibuyu kwa mkono wako, useme akusikie. Neno moja, enkerai, usiongeze lingine."

"Na asiponiamini? Kila mtu humwambia sina, na nyumbani kuna maziwa."

"Sisi hatujamwonjesha," Zipporah alisema. "Wewe, chochote utamwambia, atahakikisha ni ukweli. Enda sasa, jua bado iko juu."

Mutindi akamfunga Nzula mgongoni. Mtoto alikuwa mwepesi, mwepesi kama kile kibuyu siku ile. Seleyian alimsindikiza mpaka kwenye jiwe jeusi akabaki pale, ameshika shina la oreteti kwa mikono miwili.

Mama Mwekundu alikuwa ameketi miguuni pa kichuguu, kati ya vibuyu vilivyoinama, na kimoja kilichosimama kilikuwa mapajani pake. Mutindi alitegemea meno, au macho ya moto. Aliona mwanamke mchovu, midomo imepasuka, vumbi kwenye kope. Uso kama huo angeweza kuupita sokoni Kitengela asiukumbuke. Mwanamke yule alikuwa akitazama ndani ya kibuyu kama mtu anayetafuta sindano kisimani.

Huruma ndiyo iliyokaribia kumwangusha. Moyo ulimwambia, kidogo tu, tone moja, mtu hamnyimi mkubwa. Sauti ikapotea kabisa. Alisimama pale kama alivyosimama maisha yake yote, akisubiri kuonekana.

Mgongoni Nzula akalia. Kilikuwa kilio chembamba, cha paka aliyefungiwa mbali.

Mutindi akanyoosha mkono, akakichukua kibuyu. Kilikuwa cha moto kama kikaango. Akakiinamisha juu ya udongo.

"Sina," alisema.

Mama Mwekundu akageuza sikio, kama mzee asiyesikia vizuri.

"Sina," Mutindi alisema kwa nguvu, na sauti ikamshangaza yeye mwenyewe. Ilikuwa kubwa. Ilikuwa imekaa ndani muda mrefu, na sasa mlango ulikuwa wazi na haukujua kujifunga. "Sina maziwa. Sina ya huyu, sina hata ya mwingine atakayekuja. Sina, sina kabisa."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu, kama mtu aliyejibiwa. Akainuka, akajifunga shuka, akaondoka kuelekea kusini, na mbele yake vumbi jekundu lilisimama likatembea.

Jioni ile Nzula alikunywa maziwa ya mbuzi, nusu kikombe, kwa kijiko. Siku ya saba mizani ya Kajiado haikuonyesha nyongeza, lakini haikuonyesha upungufu, na Phylis akasema wamrudishe nyumbani. Mvua ilichelewa, lakini ilifika. Mutindi alimweleza Zipporah kila alichosema kule, na alipofikia maneno ya mwisho mama mkwe akafumba macho. Alikwenda kwa Mama Mweusi na maziwa siku kumi mfululizo, akichechemea, lakini jiwe jeusi halina uwezo juu ya neno lililotamkwa kwenye kichuguu.

Simel, mtoto wao wa pili, alizaliwa mwaka 2005, katika chumba walichopanga Kitengela baada ya Parsaoti kuacha ng'ombe na kupata kazi ya ulinzi. Alizaliwa mnene, na sauti ya kupasua bati. Mutindi alimweka kwenye titi. Walimkanda Mutindi, wakamnywesha uji wa wimbi na supu ya miguu ya mbuzi. Halikutoka hata tone.

Mwaka uliofuata ukame ulirudi. Zipporah alikuwa ameshazikwa. Mbuga ilikuwa imekatwakatwa ploti, na mtu aliyenunua upande ule alikisawazisha kichuguu kwa tingatinga, akachoma vibuyu pamoja na takataka, akazungusha waya. Mutindi alisikia habari hiyo dukani, akarudi nyumbani na unga, na hakulala vizuri tena.

Mchana mmoja, saa sita, Nzula alirudi kutoka shule. Alikuwa darasa la kwanza. Alikunywa chai yake, akamaliza, akakiinamisha kikombe juu ya meza, mdomo chini. Kisha akainuka akaviinamisha vikombe vingine vyote kwenye rafu, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu.

"Nani amekufundisha hivyo?" Mutindi aliuliza. Yeye hakuwahi kumweleza mtoto neno.

"Ule mama wa pale kwa geti."

"Mama gani?"

"Wa shuka. Hana nyumba sasa." Nzula alivuta stuli akafikia kikombe cha mwisho. "Anasema tufunike. Anasema akiona kikombe imesimama anasikia kiu, na yeye hataki kusikia kiu kwetu."

Mutindi hakutazama getini. Kitandani Simel alikuwa ameamka, anapapasa, na chupa yake ilikuwa juu ya kabati, imejaa maziwa, imesimama wima mbele ya dirisha lililo wazi. Mutindi akavuka chumba bila kukimbia. Akaichukua, akaketi akiupa mlango mgongo, akaiingiza chini ya leso, pale ambapo mama wengine huficha ziwa, na mtoto akaanza kunyonya.