Miguu ya Savrimo Ilichelewa

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Savrimo alijifunga kitambaa chake chekundu, akaketi mbele ya simu dukani kwa Lutfiya, akatulia kama gunia la unga. Bonde zima lilijua kwamba mtandao mwembamba hukatakata kinachotikisika, na asiyetikisika hufika mzima. Hapo dukani hata nzi walikuwa na adabu.

Mwanawe, Mirzosho, alikuwa na mwaka wa tatu Moscow akijenga maghorofa. Kila mara alionekana mbele ya dirisha lenye pazia la maua. "Nyumba yangu hii, mama." Savrimo alitaka jambo moja tu: kujua kama kweli mwanawe ana dirisha.

Lutfiya alikuwa na kisanduku cha kupokea picha, kuziweka akiba, kisha kuzitoa kwa kipimo kimoja zisikwame njiani.

"Leo mtandao mbovu, shangazi. Nitakumimina polepole, kama shirchoy, chai yetu ya maziwa, bakulini. Usipepese macho."

Hakupepesa. Kikatangulia kitambaa, ikafuata pua, halafu mikono yenye unga kwenye kucha. Saa tano kasorobo alikuwa Moscow, ameketi juu ya kitanda cha chuma, miguu bado iko njiani.

"Umefikaje, mama?"

"Taratibu. Hebu sogea."

Dirisha lilikuwa shuka lililochapwa picha, limetundikwa kwa misumari miwili. Nyuma yake wanaume kumi na mmoja walimenya viazi vya sufuria moja.

"Pasipoti yako iko wapi?"

"Kwa msimamizi, kaifungia. Mpaka jengo liishe."

"Linaisha lini?"

Wanaume wakacheka hadi kisu kikaanguka. "Bibi, kila likikaribia kuisha, wanaongeza ghorofa!"

Savrimo akashona vifungo saba vya mashati yao, akamsema mmoja wao kwa ajili ya soksi zake, kisha bando likaisha, akajikuta dukani. Miguu ilifika Moscow jioni ile, ikamkosa mwenyewe. Ilirudi Jumatatu, na tope la huko.

Msimamizi hakurudisha pasipoti. Ijumaa iliyofuata, duka likiwa limejaa majirani, Mirzosho akaketi mbele ya pazia lake la maua.

"Unaiona nyumba, mama?"

Nyuma ya shuka mtu akakohoa.

"Naiona, mwanangu, nzuri. Ila funga hilo dirisha, kuna mtu anapigwa na baridi."

Mirzosho akanyoosha mkono, akalifunga.