Rangi ya Kwanza ya Lori la Mzee Lwitiko

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kwa hiyo baba aliposema lori lake dogo lipelekwe kwa Brayan likapigwe rangi, nilimkata kauli: "Haliendi kwa Brayan. Nitalipiga mimi."

Baba, mzee Lwitiko, aliweka kikombe cha chai chini. "Wewe unasaidia gereji, Gwantwa. Hii ni kazi ya fundi."

Nasaidia! Miaka tisa napuliza rangi malori hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kwenye gereji ya huyohuyo Brayan, na nusu ya mabodi anayosifiwa yeye yametoka mkononi mwangu. Madereva wa Zambia wananiita fundi. Wa Kongo wananiita fundi. Baba yangu mzazi, ninayempikia ugali kila siku, hajawahi.

"Basi tukubaliane," akasema. "Jumapili tuna ibada ya shukrani, nusu karne tangu nipate leseni, na wenzangu wote wanakuja. Lori likirudi kama siku ya kwanza, sawa. Ukiliharibu, nisikusikie tena ukijiita fundi katika nyumba hii."

Nikasema sawa. Hasira hizo.

Lenyewe ni lori la plastiki la pua ndefu, la kuunganisha kipande kwa kipande kwa gundi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Baba alilinunua Lusaka akiwa kijana, akaliunganisha ndani ya kabini siku nne alizokwama kwenye foleni ya mpakani. Akalipaka rangi ya chungwa, kama lori alilokuwa akiendesha. Kampuni ilipombadilishia lori, akapaka bluu juu yake. Alipopewa la tatu, la safari za Kongo, akapaka fedha, tena kwa brashi na rangi ya mageti. Matokeo yake grili haikuonekana, ribiti za kushikia mabati hazikuonekana, gari zima likawa kama andazi lenye magurudumu. Sasa alitaka lile la chungwa, la miaka ambayo yeye na utingo wake Anyosisye walipeleka mbolea Zambia na kurudi na shaba.

Jumatano jioni nikaanza. Rangi sugu kwenye bati tunaitoa kwa thina, hilo halihitaji shule. Nikalowesha kitambaa, nikasugua mlango wa kulia. Rangi ikatoka vizuri, nikatabasamu, nikasugua tena. Mara nikahisi mlango unalainika. Nilipoondoa kitambaa, kitasa hakikuwepo, na mahali pake palikuwa na alama ya dole gumba langu, kama ya mtu aliyesaini fomu.

Thina inayeyusha plastiki. Mtu yeyote angejua, ila mimi akili yangu yote ni bati. Nililia, na wala si kwa sababu ya mlango. Nililia kwa sababu baba alikuwa anaelekea kuwa sahihi.

Kesho yake gereji sikumsalimia mtu. Clement, kijana wa breki, alikuwa akijaza mafuta ya breki kwenye gari moja kuukuu, akamwagia madigadi niliyoipiga rangi Jumatatu. Kwa sisi wapiga rangi, mafuta ya breki ni adui. Yakidondoka usipoyafuta, rangi inavimba na kukunjamana kama utando wa maziwa. Nikafungua mdomo nimpe yake. Kisha nikaona kile kikopo alichokuwa anakijaza, nikaufunga.

"Clement, hicho kikopo cha mafuta ni cha plastiki?"

"Cha plastiki, fundi."

"Kina miaka mingapi?"

"Hili gari limenizidi umri. Kilikuja nalo."

"Na hakijayeyuka."

Clement akanitazama kwa huruma. "Fundi, umekunywa chai kweli?"

Nilimnyang'anya chupa. Nikajaribu kwanza chini ya chesisi ya lori la baba, mahali pa kufichika. Hadi jioni rangi ilikuwa imekunjamana yote, na plastiki chini yake ngumu vilevile. Nikalizamisha lori zima kwenye beseni la mafuta hayo. Ijumaa nikavaa glavu, nikaanza kusugua kwa mswaki.

Fedha ilitoka kwanza, ile miaka ya Kongo, tulipokuwa tunamwona baba mara mbili kwa mwaka. Ikafuata bluu, mama akiwa bado hai. Chini kabisa likaja chungwa, limepakwa na mkono wa kijana asiyejua kufuata mstari. Nilicheka peke yangu. Nikahifadhi kibanzi chake kwenye karatasi, nikakichanganyia rangi hadi macho yangu yakashindwa kutofautisha.

Mlango niliuziba kwa puti, nikausugua kwa msasa wa maji, kitasa nikakichonga kutoka jino la kitana. Kisha nikapuliza rangi nyepesi, tabaka moja baada ya jingine, polepole, mimi nisiyejua neno polepole. Jumamosi mchana nilihesabu ribiti moja moja. Lilikuwa zuri, na nasema hivyo bila haya.

Jumapili, mchungaji alipomaliza kuomba, nililiweka mezani mbele ya wazee. Baba alivaa miwani, akalizunguka kama alivyokuwa akilizunguka lori la kweli kabla ya safari: matairi, taa, vioo, chesisi. Mlango wa kulia aliutazama, akakigusa kitasa, akapita. Akalizunguka mara ya pili. Mzee Anyosisye alikuwa amejifunika mdomo kwa kofia, machozi yakimtoka.

"Nani kalipiga rangi hili?" baba akauliza, kana kwamba hakujua.

"Mimi."

"Wewe nani?"

Damu ikanipanda, nikajibu kwa sauti ya gereji, si ya ibada: "Gwantwa Lwitiko, fundi rangi, Mpemba!"

Baba akavua miwani. Akawageukia wazee wenzake, wale wa Nakonde na wale wa Vwawa, akawatazama mmoja mmoja kuhakikisha wanasikia.

"Nimeendesha magari mpaka nimezeeka, na sijawahi kukabidhiwa gari likiwa safi namna hii," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Simama, fundi. Simama wakuone."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nilisimama, na sikukaa tena mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.