Rangi ya Jikoni Kwetu

"Huyu mama ana homa ya manjano, au ndivyo ulivyokusudia?" mhariri aliuliza, akiusogeza ukurasa dirishani.

Wino aliangalia viatu vyake. Jina hilo alibandikwa na watu wa ofisini kwa sababu ya kucha zake zisizotakata. Miaka yote alikuwa akichora katuni kwa wino mweusi, hadithi ya familia moja ya nyumba ya kupanga, na wasomaji waliifuata. Sasa jarida zima lilikuwa linahamia kwenye rangi. Alijaribu, jamani. Kuta zilitoka kama tope, nyuso kama bizari.

"Sikufukuzi, kaka. Lakini Ijumaa nisipopata kurasa zinazotazamika, nitampa mtu mwingine azipake."

"Mtu mwingine apake nyumbani kwetu?"

Mhariri alimkazia macho. "Kwenu?"

Neno lilikuwa limemponyoka. Wino alikusanya karatasi zake, akaaga haraka.

Chumbani kwake aliweka mezani kikombe cha maji na sahani ya rangi. Kwenye picha, mama alisimama jikoni, baba mlangoni. Nyuma ya kabati alikuwa amejaza wino mpaka karatasi ikang'aa. Kila ufa wa jiko lile aliukumbuka. Rangi, hata moja hakuikumbuka. Alifumba macho na bado vyote vilimjia vyeusi na vyeupe.

Akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Lile jiko letu la zamani, kuta zilikuwa rangi gani?"

Mama alicheka. "Umenipigia simu kuniuliza ukuta?"

"Ni kazi, mama."

"Kijani. Kijani cha kuumiza macho. Baba yako alipaka mwenyewe, ile Jumapili…" Sauti yake ilishuka. "Alikuwa anafunika damu. Pale niliposukumwa nikagonga kichwa."

Wino aliitazama picha, pale penye weusi nyuma ya kabati.

"Na wewe ulikuwa nyuma ya kabati," mama aliongeza.

"Ulijua?"

"Miguu yako ilikuwa nje, mwanangu. Niliikazia macho hiyo miguu ili nisipige kelele."

"Sikutoka, mama."

"Ungetoka ungefanya nini, na kile kimo chako? Angekupiga na wewe, halafu mimi ningefanyaje?"

Wino alilia, uso kauelekeza pembeni asilowanishe karatasi. Mama alimwacha alie. Baadaye akauliza, "Kwani unanichora mimi?"

"Ndiyo. Siku nyingi."

"Na hukuniambia!" Akaguna. "Haya. Gauni langu lilikuwa jekundu. La kitambaa kizuri, nililishona mwenyewe. Usije ukanivalisha matambara mbele za watu."

"Sawa, mama."

"Ngoja, kuna kitu kinaungua huku."

Hakukata simu. Wino aliiweka mezani, akahangaika na kifuniko cha rangi nyekundu kilichoganda, mpaka akakifungua kwa meno. Alichovya brashi. Rangi ilipogusa gauni ilitambaa, ikavuka mstari. Alinyanyua kitambaa aifute, kisha akabaki amekishika. Kwenye simu, bomba lilifunguliwa, sufuria ikasuguliwa, na mama akaanza kuimba kwa sauti ndogo, akikosea maneno.