Mstari Haurudiwi

Kioo hukatwa kwa mstari mmoja. Kijigurudumu cha kikatio kikishapita, kinachobaki ni kukisogeza kioo ukingoni mwa meza na kukivunja. Ukiurudia mstari huohuo ukidhani unausaidia, ufa hujitafutia njia yake na kioo huenda kinakotaka chenyewe. Fundi aliijua kanuni hii tangu marehemu baba yake alipomkabidhi kikatio, na kwa miaka mingi hakuna aliyepata kumwona akiivunja.

Siku hizi alikuwa akiivunja. Alikuwa akipitisha mstari, kisha moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka viganjani, na sauti ndani yake inauliza: umebonyeza vya kutosha? Mkono ulirudi kabla hajaijibu. Vioo vikapasuka kimoja baada ya kingine.

Kaka yake, aliyerithi karakana, hakupiga kelele. Alivifagia vipande yeye mwenyewe, na hilo lilimuuma fundi kuliko matusi.

"Dada," alisema akiwa ameegemea ufagio, "nimepata mtu wa kukata. Anaanza mwisho wa mwezi. Wewe utakaa mbele upokee wateja."

"Nipokee wateja?"

"Una sura nzuri."

"Sura hii hii uliyokuwa ukiiita ya bundi?"

Kaka alicheka, lakini hakuyafuta maneno yake.

Fundi alidhani ni ugonjwa wa moyo, akaenda zahanati. Daktari alimsikiliza kifua, akampima damu, akamrudishia majibu bila kumumunya maneno.

"Moyo wako ni mzima. Ulicho nacho ni wasiwasi. Si jambo la aibu, na hauondoki kwa kuambiwa uondoke. Asubuhi unakula nini?"

"Kahawa."

"Nimeuliza unakula nini."

Fundi alitikisa kichwa.

"Na simu unalala nayo wapi?"

"Chini ya mto."

"Haya, tuanzie hapo. Ukiona hakuna nafuu, rudi. Kuna tiba nyingine, usikae nayo kimya."

Hakuondoka ameamini sana. Lakini alikuwa mtu wa vipimo: jambo hulijui mpaka umelipima. Simu akaihamishia sebuleni, ikalala huko peke yake kama mgeni aliyechokwa. Kahawa akaifanya kikombe kimoja, tena baada ya mkate na yai. Siku za mwanzo kichwa kilimgonga kama kuna fundi seremala ndani. Zoezi la kubana pumzi alilofundishwa na jirani lilimpa kizunguzungu, akaliacha bila majuto. Kutembea kwa miguu hadi kazini, ambako hakukutegemea kabisa, ndiko kulikomfaa: alifika mabega yakiwa yameshuka.

Kilichobaki kigumu kilikuwa jiko. Kila asubuhi alizima gesi, akatoka, akafika kwenye kona ya mtaa, akarudi kuhakikisha. Na mama yake alikuwa mumo humo jikoni.

"Mama, gesi nimezima?"

"Umezima, mwanangu. Na mimi hapa nina macho na pua. Au siku hizi nimekuwa sufuria?"

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani, nenda kazini. Kesho ukirudi sikujibu."

Kesho yake alirudi, na mama hakumjibu. Aliendelea kuosha vyombo huku akiimba kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Keshokutwa yake fundi alizima gesi, akasema kwa sauti, "Nimezima," akatoka. Kwenye kona miguu ilikataa. Aliona moto, aliona moshi, aliona majirani wakikimbia na ndoo. Akasimama palepale, akijitazama kama anavyotazama kioo chenye kasoro, na ndipo alipotambua kosa lake. Lilikuwa lilelile la mezani. Gesi ilikwisha kuzimwa. Kila akirudi kuhakikisha alikuwa anapitisha kikatio juu ya mstari uliokwisha kukatwa.

"Mstari haurudiwi," alijiambia, akavuka barabara.

Wasiwasi ulimfuata karibu njia nzima. Karibu na karakana ukachoka, ukabaki nyuma. Siku iliyofuata ukamfuata tena, lakini ulichoka mapema zaidi. Mama alipoona harudi tena alisema tu, "Bandu bandu huisha gogo," akaacha kuimba.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Saluni moja iliagiza kioo cha kujitazamia, kipande kimoja cha kuufunika ukuta.

"Hiki atakata huyo mtu wako?" fundi aliuliza.

"Stoo hakuna kingine cha ukubwa huu, dada. Ukikivunja, mteja tumempoteza."

"Naelewa. Shika rula huko mwisho."

Kaka akashika.

Fundi alichovya kikatio kwenye mafuta ya taa, akaanza. Mlio ulitoka sawasawa, kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Katikati ukafifia kidogo, kisha ukarudi. Moyo ukaruka. Alipofika mwisho, mkono ulikuwa tayari unataka kurudi pale palipofifia. Aliuhisi ukivutwa kabisa. Akaachia pumzi polepole, akakidumbukiza kikatio ndani ya kopo la mafuta, na kulisukuma kopo mbali.

"Twende ukingoni," alisema.

Wakakisogeza wawili. Wakabonyeza. Kioo kikalia mara moja, mlio mfupi mkavu, kikaachana kwa mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho.

Kaka alipitisha macho ukingoni, akarudi, akapitisha tena.

"Pale katikati ulisita."

"Nilisita. Sikurudia."

"Hm." Alikuna kidevu. "Sasa yule mtu nimwambie nini?"

"Mwambie apokee wateja. Kama ana sura."

Kaka akaangua kicheko, akaenda kutafuta blanketi la kufungia kioo cha saluni. Fundi akavuta kopo la mafuta karibu, akatoa kikatio na kukifuta. Akatandaza kioo kilichofuata.