Robo Mbili za Mwisho kule Ashmore

Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Tallow Creek ilikuwa imeshachapwa mechi zote tangu msimu uanze, na hizo zilikuwa mechi za saizi yao, vyuo vidogo vya Alabama kama wao wenyewe, vyenye uwanja wa majukwaa ya mbao na basi linalochemka njiani. Halafu chuo kimoja kikajitoa, wikiendi ikabaki wazi, na Ashmore wakapiga simu.

Ashmore, bwana. Uwanja wao ukijaa, watu ni wengi kuliko wilaya nzima ya Tallow Creek ukijumlisha na ng'ombe. Timu kama ile huwa inatafuta mdogo mmoja wa kumtwanga nyumbani kabla ya kuanza mechi za ligi yake, na inamlipa kwa usumbufu. Mkuu wa chuo alishaanza kuongelea paa jipya la bweni hata kabla simu haijakatwa.

Lakini pale Tallow Creek kuna utaratibu. Kocha Pettway aliukuta, akashindwa kuuondoa. Jambo kubwa likitokea, vijana wa mwaka wa mwisho wanapiga kura kwa helmeti. Unayetaka unaiweka juu ya benchi, usiyetaka unaiacha chini sakafuni. Hakuna hotuba.

Siku ile helmeti zilikuwa nusu juu, nusu chini, na aliyebaki ni kepteni, Tavaris Gatlin. Tavaris ni ukuta wa kushoto. Kazi yake kwenye mpira huu wa kwetu ni moja tu: anasimama mwisho wa mstari upande wa kushoto na kuhakikisha hakuna mtu anayepita kumfikia mrushaji kwa nyuma. Mrushaji mwenyewe ni Dewitt Loomis, rafiki yake tangu darasa la pili, mwembamba, mdomo haufungi, mkono wa dhahabu. Helmeti ya Dewitt ilikuwa sakafuni.

Tavaris akaiangalia ile helmeti. Akaiweka ya kwake benchi.

Walipotoka nje Dewitt akamwandama hadi kwenye gari. Alisema wanakwenda kuwa nyama ya kufundishia mbwa. Alisema timu yenye majeruhi kama yao inatakiwa itafute wa saizi yake, ishinde hata moja, watu wapate moyo, siyo kwenda kutangaza aibu kwenye televisheni. Tavaris akamwacha aseme weee mpaka achoke.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza, ila endelea."

"Hapa nani ananiona mimi, Dewitt? Niambie. Wasaka vipaji wa ligi ya kulipwa watakuja huku kumwangalia nani? Kule Ashmore kuna Kolton Rusk. Kila mwenye macho anamwangalia Rusk. Na Rusk anapitia upande gani?"

Dewitt akaegemea gari. Alijua. Rusk ni mvamizi, mtu wa kuwaangusha warushaji, na anapitia upande wa Tavaris.

"Kwa hiyo mimi ndio chambo," akasema.

"Wewe ndio mrushaji. Mimi ndio nipo mbele yako."

"Sawa, bonge. Akinigusa huyo mtu, nitakuja kuishi kwenu. Mama yako atanilisha mpaka nife."

Wakacheka. Tavaris alikuwa na mwaka huo tu. Usipoonekana mwaka wa mwisho, unarudi kwenye kiwanda cha kuku kama baba yake na kaka yake, unakata mabawa mpaka vidole vinakataa kukunjika. Yeye alikuwa anajua harufu ya kile kiwanda, maana ililala nao nyumbani.

*

Mambo ya Ashmore hayana haja ya kusimuliwa yote. Ilikuwa kama ng'ombe kuingia kwenye bustani ya mtu. Ukuta wa kulia wa Tallow Creek alitolewa goti likiwa limegeuka, akaingizwa kijana wa mwaka wa kwanza, Marquel, ambaye hata hiyo nafasi hakuwa ameizoea. Kufika mapumziko matokeo yalikuwa arobaini na moja kwa sifuri.

Lakini upande wa kushoto palikuwa na habari nyingine kabisa. Rusk alikuja kwa nguvu, Tavaris akamsimamisha. Akaja kwa kuzunguka, Tavaris akawepo. Akajaribu kupita chini, Tavaris akamlaza. Watangazaji wa televisheni walianza kulitafuta jina lake kwenye karatasi. Ndani ya mwili wa Tavaris kulikuwa na kitu kilichokuwa kinaimba. Hakuwahi kucheza hivyo kabla, na hajawahi kucheza hivyo tena.

Dewitt alipigwa, lakini na wale waliotoka kulia na katikati. Wakati wa mapumziko walimlaza kwenye meza ya daktari, chumba cha ndani, wakimfunga bandeji mbavuni. Alikuwa anamwambia daktari aikaze vizuri, isije ikamfanya aonekane mnene kwenye televisheni.

Sasa, kwenye korido, kocha wa Ashmore akaja na refa. Kocha Brandt, mzee wa kizungu, nywele zote nyeupe, kofia mkononi. Kanuni inaruhusu: makocha wawili wakikubaliana, na refa akiwepo, robo zilizobaki zinaweza kufupishwa. Brandt aliongea taratibu, kama mtu aliyekuja msibani. Alisema haoni kuna mtu anayefaidika tena na mechi hii. Zifanywe dakika nane nane badala ya kumi na tano, vijana waende wakale, warudi kwao salama.

Neno lilikuwa la Kocha Pettway. Kanuni inamtaka kocha, haimtaki mchezaji. Lakini Pettway alikuwa ameshazoea zile helmeti. Alikuwa mtu mzuri, na kila kitu kizito alikuwa anakiweka chini mtu mwingine akiokote. Hakukuwa na nafasi ya kuwaita wote, na kepteni alikuwa amesimama palepale anakunywa maji. Akamgeukia.

"Kepteni, unasemaje?"

Tavaris alifikiria. Hakufikiria kwa muda mrefu. Alifikiria kwamba Rusk hajamgusa Dewitt hata mara moja. Alifikiria kwamba mtu unaweza ukasema nusu mechi ni bahati, ila mechi nzima hakuna anayeweza kuiita bahati. Dakika kumi na nne walizotaka kuzikata zilikuwa zake.

"Tucheze zote," akasema. "Sisi siyo watoto."

Brandt alimwangalia usoni, akamwangalia Pettway, akasubiri. Pettway akainua mabega. "Umemsikia," akasema. Mzee akavaa kofia yake akaondoka na refa.

*

Ilitokea katikati ya robo ya nne. Kama wangefupisha, saa ile wangekuwa kwenye basi, kila mtu na boksi lake la kuku.

Dewitt alirudi nyuma na mpira, akiangalia kushoto. Rusk alikuja kwa Tavaris na kila kitu alichobakiza, na Tavaris akampokea kifuani, miguu imekaa, mgongo umenyooka, akamshika pale kama amempigilia msumari. Ilikuwa safi mno. Hakuna kocha duniani ambaye angerekebisha kitu. Upande wa pili Marquel alichelewa kidogo, hatua moja, alikuwa amechoka, na mtu akampita.

Tavaris hakuona. Alisikia. Halafu akasikia uwanja wote ule unanyamaza, kitu ambacho hakuwahi kujua kinaweza kutokea. Yeye bado alikuwa amemshika Rusk. Alikuwa anamsukuma.

"Niache, kaka," Rusk akamwambia polepole. "Yule jamaa wako."

*

Ilikuwa shingo. Madaktari walisema maneno mengi, na baada ya wiki kadhaa yakabaki machache: miguu hapana, mikono kidogo. Kabla baridi haijaisha, Dewitt akarudishwa nyumbani kwa mama yake, Bi Earline, wakaweka kitanda cha hospitali sebuleni pale palipokuwa na sofa kubwa, na sofa likaenda barazani likalowa mvua.

Na wasaka vipaji wakapiga simu. Ndiyo, walipiga. Walimtaka Tavaris, na walitaka video. Kocha Pettway ndiye aliyekuwa anazikata na kuzituma. Siku moja akamwita ofisini, hakukaa kwenye kiti, akasimama dirishani akimwambia kuna timu imeomba tukio moja, lile la robo ya nne, lililopigwa na kamera ya nyuma. Walisema wanataka kuona vizuri miguu yake ilivyokaa.

"Nikatae?" Pettway akauliza.

Hata hapo alikuwa anauliza.

"Itume," Tavaris akasema.

Kila alasiri alikuwa anakwenda kwa kina Dewitt. Alimgeuza kitandani, maana Bi Earline hawezi peke yake, alimnyoa, alimwekea mrija wa chai ya baridi mdomoni. Dewitt hakupoteza mdomo wake. Alikuwa anasema amepata bahati, watu wote wanalala na kuamka kwa saa, yeye ndiye peke yake anayeamka kitandani na kufika kazini hapohapo. Tavaris alicheka kila mara, hata pale ambapo mzaha ulikuwa ule wa jana.

Siku moja Dewitt akasema anataka kuona.

"Kuona nini?"

"Usijifanye mjinga. Nilikuwa naangalia kushoto. Sijawahi kujua nini kilinipiga. Unayo kwenye simu, najua unayo."

Alikuwa nayo. Akaishika simu mbele ya uso wa rafiki yake, na ile sekunde ya mwisho yeye mwenyewe akaangalia pazia. Dewitt akasema rudisha. Akarudisha. Akasema rudisha tena.

"Unajua sikujiangalia mimi," Dewitt akasema. "Nimekuangalia wewe. Mama yangu, ulimshika yule mtu."

Tavaris akaishusha simu.

"Ulikuwa sahihi, kwenda. Nimefikiria sana hapa, sina kazi nyingine. Ningekuwa na helmeti leo ningeiweka benchi. Mtu lazima aende kwa wakubwa akajue yeye ni nani." Akapumua, maana sentensi ndefu zilikuwa zinamchosha. "Kitu kimoja tu. Arobaini na moja kwa sifuri. Timu kubwa huwa zinaomba kufupisha, nimeona sana. Wale hawakuomba?"

Jikoni mafuta yalikuwa yanalia, Bi Earline anakaanga kambare. Tavaris aliizima simu, akaiweka mfukoni, akaitoa tena.

"Hapana," akasema. "Hawakuomba."

"Yule mzee wao ana roho mbaya," Dewitt akasema.

Bi Earline alisikia kutoka jikoni. Na Bi Earline akisikia kitu, Tallow Creek imesikia. Kanisani, saluni, foleni ya benki, kila mtu alijua kwamba kocha wa Ashmore aliwaona watoto wa watu wanachinjwa na hakusema basi. Kocha Pettway naye alilisikia, hilo halina ubishi, na alikaa kimya kama mtu aliyesamehewa deni asilojua nani kalilipa. Walipokutana na Tavaris waliongelea uzito wa chuma na saa za mazoezi.

Tavaris alichaguliwa mwezi wa nne, siku timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Raundi ya tatu, timu ya kaskazini kwenye theluji. Kabla hajaondoka, Bi Earline akasema lazima ale kwake, na akapika kama ni harusi.

Walikuwa wamekaa sebuleni, Dewitt kitandani uso ukiwa umeelekezwa kwenye televisheni, gari lilipoingia uani. Bi Earline akaenda mlangoni, ule wa wavu. Tavaris akaona nywele nyeupe kabla hajaona mtu.

Kocha Brandt alikuwa amekuja peke yake, ameendesha mwenyewe, kofia mkononi vilevile. Alisema jina lake. Alisema alituma maua mara mbili na yakarudishwa, akaona aje. Alitaka tu kumwona kijana na kumpa mkono mama yake.

Bi Earline hakufungua ule wavu.

"Mwanangu hawezi kupewa mkono," akasema. "Ungempa siku ile. Ulikuwa na uwezo wa kusema imetosha, mtu mzima kama wewe, na hukusema. Ulitaka pointi."

Mzee akafungua mdomo. Macho yake yakavuka bega la mama, yakaingia ndani, yakamkuta Tavaris kwenye kiti na sahani mapajani. Akamjua papo hapo. Tavaris aliona kwamba amejua. Brandt akasubiri, vilevile alivyosubiri kule kwenye korido, bila haraka, akampa nafasi yote ambayo mtu anaweza kumpa mtu. Feni iliendelea kuzunguka. Tavaris alikuwa na maneno mdomoni, machache tu, na Dewitt alikuwa palepale karibu kiasi cha kumgusa.

Akaangalia sahani.

"Samahani sana, mama," Brandt akasema mwishowe. Wakasikia viatu vyake kwenye ngazi, halafu gari.

"Kasemaje?" Dewitt akauliza, maana shingo yake haikuweza kugeuka mlangoni. "Amejitetea?"

"Angejiteteaje," mama yake akasema, akirudi. "Hana la kusema."

Akapitia jikoni, akarudi na sufuria, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote na kukiweka kwenye sahani ya Tavaris. Akamshika kichwa kama anavyomshika wa kwake.

"Kula, mwanangu. Huko unakokwenda hakuna wa kukupikia."

Tavaris akala.